Majaketi Yasiyozinduliwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mwenyekiti wa Bodi ya Shirika la Vivuko vya Umma pamoja na wanabodi wote. Mkurugenzi Mkuu anayestaafu leo, Bwana Norman Obuya, na Mama Obuya aliyeketi kando yake. Kaimu Mkurugenzi, Bi Joyline Were, ambaye kuanzia Jumatatu ndiye tutakayemlilia. Wakuu wa idara za makao makuu. Wageni waalikwa kutoka wizarani. Kamati ya mapambo, ambayo leo imefanya kazi kubwa kuliko inavyojua. Na ninyi abiria wenzangu, ambao hampo. Nimewatafuta kwa macho tangu niingie kwenye hema hili nikampata mmoja tu, Emmah, mwekahazina wetu, na huyo nilikuja naye kwa basi. Hamjambo? Naona waliojibu ni wa meza za nyuma. Hamjambo tena?

Kwa wasionijua, mimi ni Mwalimu Nzisa Mwangangi. Kwa kazi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyoko Ng'ambo, na kwa kukosekana mtu mwingine aliyekubali, ni mwenyekiti wa kamati ya abiria wa MV Utulivu, kile kivuko kinachovusha watu bandarini huko Pwani, kutoka Mjini hadi Ng'ambo na kurudi, alfajiri hadi usiku. Nimeombwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya abiria. Mshereheshaji ameninong'oneza nizungumze kwa ufupi na nizungumze mazuri. La ufupi sikumwahidi. La mazuri nitajitahidi.

Nianze basi na Bwana Obuya. Wako wakurugenzi wanaorukia kazi bila kuipa nafasi ya kupumua, wanaopanda kivuko kila mara na kuwasumbua mabaharia kwa maswali. Bwana Obuya hakuwa wa aina hiyo. Katika uongozi wake wote hakuwahi kukanyaga MV Utulivu, na kila alipokuja kututembelea alivuka kwa boti ya kasi ya ofisi, akitupungia mkono sisi tuliojazana kivukoni, nasi tukampungia, wale waliokuwa na nafasi ya kuinua mkono. Wenye midomo wakasema anaogopa. Mimi nikawaambia hapana, mnamwonea bure; mtu huyu anaamini kila nafasi kivukoni ni ya abiria, na hataki kumnyang'anya mwananchi hata mahali pa kuweka unyayo.

Ni yeye pia aliyeyahamisha makao makuu kutoka bandarini akayaleta huku Nairobi, mtaa wa Kileleshwa, kwa sababu hewa ya chumvi ilikuwa ikiharibu kompyuta. Hebu jiulizeni, ni viongozi wangapi wangeijali kompyuta kiasi hicho? Leo kompyuta zetu ni nzima. Kati yake na bahari kuna safari ya usiku mzima kwa basi, na maji pekee yanayozitishia ni yale ya mvua kubwa yanayojaa barabarani na kuwafanya majirani wa Kileleshwa wavue viatu vya ofisi na kuvishika mkononi. Asubuhi hii nilipitia hapo kuchukua kadi yangu ya mwaliko. Pale mapokezi kuna mfano wa MV Utulivu ndani ya kabati la kioo, umepakwa rangi mpya, una bendera na taa zinazowaka. Hautoi moshi na hauchelewi. Na kando ya sitaha yake yamepangwa majaketi madogo madogo ya kujiokoa, rangi ya machungwa, yote kamili. Niliutazama mpaka askari wa mlangoni akaniuliza kama nimepotea.

Nimeshayataja majaketi, na sasa sina budi kuendelea nayo, ingawa naona mshereheshaji ameanza kuangalia saa.

Kamati yetu iliomba majaketi ya kujiokoa zamani kidogo. Ni vazi tu la kumfanya mtu aelee akianguka majini. Hatukuomba meli mpya, hatukuomba daraja. Na Shirika, tuseme ukweli, halikutukatalia. Yalinunuliwa mapya, imara, ya watu wazima na ya watoto. Tukapewa habari kwamba yamefika Nairobi, tukashangilia, Kamene wa maji ya ukwaju akatugawia bure siku hiyo. Kisha tukaambiwa tungoje kidogo, kwa sababu hayajazinduliwa.

Huenda humu mna mgeni kutoka nchi nyingine ambaye haelewi, kwa hiyo nitamweleza. Kwetu sisi, kitu cha umma hakianzi kazi kwa kuwa kimefika, wala kwa kuwa kinahitajika. Kinaanza kazi pale mheshimiwa anapokata utepe mbele yake, akapigwa picha, na akina mama wakacheza juani. Kabla ya hapo kisima kina maji lakini hayanyweki, zahanati ina dawa lakini haziponyi. Shuleni kwangu tuliwahi kuwa na vyoo vipya vilivyofungwa kufuli muhula mzima vikingoja utepe, huku watoto wakivizunguka na kwenda kichakani. Kwa hiyo nilielewa. Jaketi ambalo halijazinduliwa, hata ukilivaa, litajuaje kwamba linapaswa kuelea?

Tarehe ya kwanza ilipopangwa, mheshimiwa aliitwa mazishini. Ya pili, mahema yalichelewa. Ya tatu tuliikaribia kabisa: bamba la marumaru lilikuwa limeshachongwa jina la mheshimiwa, na kaukuta kamejengwa gatini ili bamba hilo lipate pa kukaa, ndipo kukawa na mabadiliko wizarani, jina likawa la mtu mwingine, na marumaru haifutwi kwa raba. Bamba lilirudishwa. Ukuta upo hadi leo. Hauna bamba wala kazi, ila una kivuli, na abiria wakingoja kivuko wakati wa jua kali hugombania kivuli hicho. Kwa ukuta huo, Bwana Obuya, tunakushukuru kwa dhati.

Nami nikawa nafuatilia. Kila likizo nilikuja Nairobi, nikalala kwa mdogo wangu Kinoo, na asubuhi nikaingia wizarani katikati ya mji. Wizarani wakaniambia hilo ni jambo la Kileleshwa. Nikafika Kileleshwa, wakaniambia hilo ni la wizara. Wote walikuwa na adabu, sitawasingizia, na wengi walinipa chai. Mara moja nilifanikiwa kumpata kwa simu mtu wa stoo, mstaarabu sana, nikamuuliza hali ya majaketi yetu. Akanijibu, “Mwalimu, usiwe na wasiwasi. Hizo majaketi ziko poa kabisa. Tumezifunika na turubai, hata mvua ikinyesha haziwezi guswa na maji.”

Nilimshukuru.

Sasa naomba mnivumilie, maana hapa sina mzaha.

Mwaka huu, asubuhi moja ya shule, MV Utulivu kilizima injini katikati ya mlango wa bandari. Nilikuwamo. Walikuwamo wanafunzi wangu wanaoishi Mjini na kusoma Ng'ambo, walikuwamo watu wa kazi, wagonjwa wanaokwenda kliniki, mikokoteni ya mboga na magari. Mwanzoni watu walicheka, maana tumezoea. Kisha tukatambua kwamba maji yanakupwa na yanatuvuta kuelekea bahari kuu, na kwamba kutoka huko nje meli ya makontena inaingia, inapiga honi, na meli ya namna hiyo haisimami kwa kuombwa. Watu wakaanza kukimbilia upande mmoja, na kivuko kikaanza kuinama upande huohuo.

Chini ya benchi kuna sanduku kubwa lililoandikwa kwamba ni la majaketi ya kujiokoa. Tulivunja kufuli. Ndani mlikuwa na mifagio, mikebe ya rangi, na majaketi machache ya kale ambayo sponji yake ilimomonyoka mikononi mwetu kama makombo ya mkate.

Mheshimiwa, niliogopa. Nimefundisha maisha yangu yote, nimezima ugomvi wa wazazi na nimezima moto wa bweni, lakini asubuhi ile nilibaki nimeshikilia benchi. Watoto wa watu walikuwa wameshika sketi yangu, wananitazama usoni kama wanavyonitazama darasani wanapongoja jibu, na sikuwa na kitu cha kuwapa.

Aliyekuwa na kitu ni Kamene. Yeye huvuka kila asubuhi na majerikeni ya manjano ya maji ya ukwaju, huyauza kwenye kituo cha mabasi upande wa Ng'ambo. Alifungua jerikeni moja akaimwaga sitahani yote, akakaza kifuniko, akavua leso yake kiunoni na kumfunga mtoto wa darasa la pili kwenye ile jerikeni, kifuani. Mtoto hakuwa wake, wala hakumjua jina. Kisha akanigeukia mimi, mwenyekiti, akasema, “Mwalimu, usisimame hivyo. Shika hii nyingine umwage.”

Nikamwaga. Wenye maziwa wakamwaga maziwa, wenye mafuta ya kupikia wakamwaga mafuta, wanaume wakavua mikanda, wanawake wakavua vitambaa vya kichwa, na kitambo kidogo tu sitaha nzima ilikuwa imejaa watoto waliofungiwa majerikeni vifuani, wamesimama kimya wakingoja kutupwa baharini. Hakuna aliyelia. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini hadi leo, kwamba hawakulia, kwa sababu mwalimu wao alikuwapo na walidhani anajua anachofanya.

Boti ya kuvuta meli ikatuwahi, ikatukokota kando, na ile meli ikapita karibu sana hata tukasoma jina lake bila miwani. Hakuna aliyekufa. Tulifika Ng'ambo tumelowa maziwa na ukwaju, tukaingia darasani, nikawafundisha hesabu.

Makao makuu nayo hayakulala. Baada ya siku chache ilitoka taarifa kwa vyombo vya habari, yenye sahihi ya Bwana Obuya, ikiwapongeza abiria kwa kudumisha utulivu, sawasawa na jina la kivuko chao. Tulijivunia sana. Kisha likaja bango, zuri, la chuma, likapigiliwa palepale juu ya lile sanduku. Linasema hivi: ni marufuku kumwaga vinywaji, maziwa au mafuta sitahani, na atakayepatikana atachukuliwa hatua. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba siku ile sitaha ilikuwa na utelezi, na kwamba utelezi ungeweza kuhatarisha usalama wetu. Nawathibitishia kwamba bango hilo lilianza kazi siku ileile lilipofika. Halikungoja utepe wala mheshimiwa.

Emmah, simama tafadhali na zawadi. Ndugu zangu, tulikaa kikao kuamua tumpe nini Bwana Obuya. Wako waliosema tangi la maji, wako waliosema blanketi, kama ilivyo desturi ya kuwaaga wastaafu. Kamene akasema tumpe jerikeni. Ndiyo hii. Imeoshwa kwa sabuni, kifuniko kinakaza barabara, na kamba yake imeshapimwa kwa kifua cha mtu mzima. Ipokee, Bwana Obuya, usione haya. Tumesikia kwamba umejenga kwetu Ng'ambo, nyumba ya kupendeza inayotazama maji, na kwamba mwezi ujao mnahamia. Mama Obuya anatabasamu, kwa hiyo ni kweli. Boti ya kasi, kwa bahati mbaya, ni ya ofisi. Kuanzia mwezi ujao utapanga foleni pamoja nasi, utabanwa pamoja nasi, na injini ikizima utaisikia kwa masikio yako mwenyewe. Karibu sana. Sisemi hivyo kwa kukucheka. Kamati ya abiria inahitaji mtu anayezijua ofisi za Nairobi, na wewe unazijua kuliko mimi.

Hotuba niliyoiandika jana Kinoo iliishia hapo, na sasa ningekuwa nimeshaketi. Lakini leo nimefika hapa, karibu na Adams Arcade, nikaonyeshwa kiti changu, na nikakikuta kiti kimevaa.

Naomba kila mmoja ageuke kidogo, atazame mgongoni pake. Hivyo vitu laini vya rangi ya machungwa mlivyoviegemea tangu asubuhi, vilivyofungwa nyuma ya kila kiti kwa ustadi mkubwa, mahali ambapo kwenye harusi tungeona vitambaa vya hariri, ndiyo majaketi yetu. Ndiyo yenyewe. Kamati ya mapambo iliambiwa hema liwe na sura ya bahari. Bahari iko mbali. Wakaenda stoo.

Nilimwendea afisa mmoja wa kamati hiyo, sitamtaja, nikamuuliza imewezekanaje kuyatoa wakati hayajazinduliwa. Akanijibu kwa upole, “Mwalimu, kinachohitaji uzinduzi ni kutumia. Sisi hatujazitumia. Tumepamba tu.” Naomba tumpigie makofi. Makofi ya kweli. Nilichoshindwa mimi, na wizara, na wahandisi, na maombi ya makanisa mawili ya Ng'ambo, yeye amekiweza kwa kutafuta rangi inayokwenda na vitambaa vya meza.

Halafu nikatoka nje kumtafuta mwenye lori lililoyaleta. Anaitwa Wambua, yuko pale nyuma ya hema chini ya lori lake, anapumzika. Nikamuuliza yanaenda wapi baada ya sherehe. Akasema yanarudi stoo, hapo Kileleshwa tu, na amri ni kwamba yakunjwe vizuri yasichafuke. Nikamuuliza kama lori hilo linaweza kufika Pwani. Akaniuliza kama mimi ndiye yule mwalimu wa simu za stoo. Nikakubali. “Lori iko sawa, na tanki imejaa,” akaniambia. “Lakini siwezi jituma, madam. Lazima mkubwa aseme. Akisema saa hii, kesho niko feri.”

Lazima mkubwa aseme. Nami nikarudi humu ndani, nikaangalia meza kuu, nikaona wakubwa wote wameketi mstari mmoja, jambo ambalo sijawahi kuliona katika likizo zangu zote. Je, ningesema asante tu na kwenda kula pilau? Mkiniona mkosefu wa adabu, mniwie radhi. Jumatatu shule zinafunguliwa, na wale watoto watapanda kivuko kilekile, chenye injini ileile, na lile bango.

Bi Joyline, lori ni lako, na nimekuona tangu nilipotaja majaketi mkono wako umeenda nyuma ya kiti. Fundo hilo limefungwa vizuri, lakini naona umeshalilegeza. Unakubali kwa kichwa. Basi lori linakwenda, Emmah, mwambie Wambua awashe.

Mheshimiwa, linabaki la uzinduzi. Ulipofika leo ulikata utepe pale mlangoni. Kwa nini hema la kumuaga mtu lilikuwa na utepe mimi sijui, lakini lilikuwa nao, ukaukata, ukapigwa picha, na akina mama wakacheza. Hatukuombi sherehe nyingine. Naomba utamke tu, kwa kinywa chako, kwamba yote yaliyomo ndani ya hema hili yamezinduliwa. Kipaza sauti kiko hapo kushoto kwako.

Nyuma hawakusikia, Mheshimiwa. Rudia kidogo.

Asante. Amesema, na kamera zimechukua.

Sasa, ndugu wageni waalikwa, chakula kipo na hakitapoa upesi. Kabla ya kukifuata naomba kila mtu asimame, ageuke, afungue jaketi alilokuwa ameliegemea, alibebe mwenyewe mpaka nje kwenye lori. Msiwaachie wahudumu. Nataka kila mmoja wenu ahisi lilivyo jepesi. Wa meza za nyuma mnabeba ya watu wazima, na wa meza kuu mnabeba ya watoto, kwa sababu kamati ya mapambo iliona yale madogo yanapendeza zaidi kwenye picha. Lako, Mheshimiwa, linamtosha mtoto wa darasa la pili.

Mungu awabariki. Kwa masikio yenu nawashukuru. Sasa naiomba mikono yenu.